Akiki au oniksi? Geuza bamba kwanza
Ndugu uliyetuma picha ukiuliza kama jiwe lako ni akiki au oniksi, hilo bamba lako la jiwe lenye mistari ya kahawia na nyeupe usilitambue kwa upande uliong'arishwa. Mng'aro hufanya mawe mengi yafanane. Geuza, jaribu upande wa nyuma au ukingoni, na ncha ya kisu cha chuma inatosha. Akiki na yaspi, mawe mawili ya jamii ya kwatzi, zina ugumu wa 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), kwa hiyo kisu hakizikwaruzi; kitaacha mstari wa kijivu tu, nao unafutika kwa kidole. Likikwaruzika kirahisi, huenda ni kalsiti, madini laini yenye ugumu 3, ambayo mara nyingi huuzwa kwa jina la oniksi. Dondoshea siki kwenye ule unga wa mkwaruzo: kalsiti itatoa mapovu. Halafu liweke mbele ya taa. Akiki nyembamba hupitisha mwanga, yaspi haipitishi.

Ukipiga picha nyingine, tafadhali weka rula pembeni na uonyeshe mgongo wa jiwe pia. Na ukimgawia mwenzako kipande, mwandikie lilikookotwa. Ninayo mabamba mawili mazuri sana yasiyo na maandishi hayo, na bado inaniuma.