Usome nini ukitaka biashara ya michezo

Mdogo wangu unayeuliza usome nini na wapi ili uje ufanye kazi ofisi ya klabu hapa Dar, mi ningeenda masoko CBE (chuo cha biashara) au uhasibu IFM (chuo cha usimamizi wa fedha), maana hela ya mpira iko kwenye mikataba, we angalia Azam 2021 walisaini na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, miaka 10 ya kuonyesha Ligi Kuu kwa shilingi bilioni 225 na ushee, anayeweza kusoma mkataba kama ule kipengele kwa kipengele ndo anatafutwa. UDSM, Chuo Kikuu cha Dar, wana digrii ya michezo, nzuri sana ila imeegemea zaidi ualimu na sayansi. Alafu usisubiri kumaliza chuo, nenda timu ya mtaani kwenu kawatafutie mdhamini wa jezi, hata mwenye hadweya, uanze kuzoea mapema, maana AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu hiyo.