Usiku wa Addis na fisi wa Harar: jibu kwa anayetaka kusafiri na begi mgongoni

Ndugu aliyeuliza hapa asafiri wapi anaishi Nairobi, ana likizo ya wiki tatu, mfuko wake si mzito, na anataka nchi ya watu ambako mchana ataona vitu asivyowahi kuvisikia na usiku hatalala mapema. Wengi mmempeleka Bangkok na Dubai. Mimi nampeleka hapa jirani, Ethiopia. Nimepita huko zaidi ya mara moja, na kila nikirudi Mombasa nakuta watu wanaijua nchi hiyo kwa uwanja wa ndege wa Bole tu, pale wanapobadilisha ndege kwenda kwingine. Hilo linanisikitisha kweli.

Kwanza, pasipoti ya Kenya inaingia Ethiopia bila viza. Hela ambayo ungelipa ubalozi wa nchi nyingine inakulipia vitanda vya usiku kadhaa. Wenye pasipoti nyingine ulizieni mapema kabla hamjakata tiketi.

Pili, saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: adhuhuri ni saa sita, magharibi ni saa kumi na mbili. Mgeni kutoka Ulaya anahangaika na jambo hili siku nyingi, Mswahili anatua na kuendelea na maisha yake. Kwenye nyumba ya wageni niliyofikia Addis Ababa, mtaa wa Piassa, kulikuwa na vijana wawili wa Uholanzi. Karani wa basi aliwaambia kwa Kiingereza kwamba gari linaondoka saa kumi na moja, nao wakahesabu ya kwao, wakafika kituoni jua limeshapanda na basi liko mbali zamani. Mimi niliposikia kumi na moja nilijua ni alfajiri, wala sikuuliza. Tiketi ya ndege tu ndiyo uisome kwa saa za kimataifa.

Kalenda ni habari nyingine. Ina miezi kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku 30, na wa mwisho, Pagume, wa siku tano au sita. Hesabu yao ya miaka iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane, ndiyo maana wao walisherehekea kuingia mwaka 2000 mnamo Septemba 2007. Ukipewa risiti yenye tarehe ya ajabu, usigombane na mtu.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Ukifika Addis Ababa usianze na klabu zenye taa za rangi kule Bole. Muziki wake utaukuta Westlands, Nairobi, pia. Ulizia azmari bet, nyumba ya waimbaji wa kienyeji. Ni chumba kidogo, vigoda vimepangwa kufuata ukuta, na katikati anasimama mtu na masinko. Hicho ni chombo cha uzi mmoja wa nywele za mkia wa farasi, kisanduku chake kimewambwa ngozi, na kinapigwa kwa upinde. Jukwaa hakuna. Mwimbaji anakuja mpaka ulipokaa, anakutazama usoni, anamuuliza jirani yako unatoka wapi, halafu anakutungia beti papo hapo. Chumba kizima kinacheka kabla wewe hujajua umesemwa nini.

Mimi nilimgeukia kijana aliyekaa kushoto kwangu anitafsirie. Beti ilikuwa hivi: huyu anatoka kwa wale wanaotusumbua mbioni, mpeni kiti, maana akisimama hamtamkamata. Nikacheka nao. Kisha akahamia kwa wapenzi wawili waliokaa kona, akawaimbia kwa sauti laini sana, na yule dada akajifunika uso kwa shela. Jirani yangu alikataa kunitafsiria beti hiyo.

Ushairi wao una kanuni wanayoiita nta na dhahabu. Maana ya juu inayosikika na kila mtu ndiyo nta. Iliyofichwa ndani ndiyo dhahabu, na mwenye sikio ndiye anaipata. Hapo ndipo nilipojiona niko nyumbani. Aliyelelewa na taarab ya Mombasa au Unguja anajua mtu anavyoinuka kwenda kutunza kwenye ubeti fulani tu, na ukumbi wote ukajua anayelengwa ni nani. Kule pia wanatunza: noti inabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji naye anaendelea kuimba. Mgeni anaweza hata kumnong'oneza azmari maneno yake mwenyewe, naye akayaimba kwa niaba yake. Nimeona mzee wa makamo akitumia njia hiyo kumjibu rafiki yake aliyekaa upande wa pili, wakarushiana mafumbo kwa mdomo wa mwimbaji mmoja karibu nusu saa.

Muziki ukipanda, watu wanacheza eskista. Ni mabega yanayocheza, yanatetemeka na kuruka huku kiuno kimetulia tuli. Kwa sisi tuliozoea chakacha inachukua muda mwili kukubali. Wenyeji watakuvuta tu uingie, na wakiona unajitahidi watakupenda.

Kinywaji cha humo ni tej, pombe ya asali inayochachushwa na majani ya gesho, na inaletwa kwenye chupa ya shingo ndefu na tumbo la duara. Ni tamu na inapanda kimyakimya, kwa hiyo wanaokunywa waende nayo taratibu. Mimi sinywi pombe, na sikupungukiwa na kitu. Ulizia birz, asali na maji visivyochachuka, inakuja kwenye chupa ileile.

Ushauri wa zamani ulikuwa nenda Kazanchis, ndiko zilikojaa nyumba hizo. Sehemu kubwa ya mtaa huo imebomolewa tangu 2024 katika mradi wa jiji wa kupanua barabara na kujenga upya, na milango mingi ya muziki imekwenda nayo. Nawalilia wanamuziki waliopoteza mahali pao. Kwa sasa muulize mhudumu wa mkahawa au dereva wa teksi azmari wako wapi wiki hii. Usitegemee ramani ya simu.

Kama unapenda vyombo vya kupuliza, Addis ina historia iliyonishangaza. Mwaka 1924 Ras Tafari, aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie, aliwakuta Yerusalemu mayatima 40 wa Kiarmenia waliokuwa na bendi ya tarumbeta, akawaleta Addis. Mkuu wao wa muziki, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga wimbo wa taifa uliopigwa mpaka mfalme alipopinduliwa 1974. Bendi za jeshi na polisi zilizofuata zililea wapigaji wa miaka ya 1960, kisha Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma aliyesoma muziki London na Boston, akachanganya jazi na skeli ya noti tano ya kwao. Wanajeshi waliposhika nchi wakaweka amri ya kutotoka nje usiku, na ikadumu miaka mingi. Mashabiki walikuwa wanaingia ukumbini mapema, milango inafungwa, wanatoka alfajiri. Leo ukisikia saksafoni kwenye baa ya hoteli fulani Addis, jua kuna watu waliokesha ndani kwa kufuli ili hiyo sauti isife.

Chakula nitapita haraka. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Kiorthodoksi wanafunga nyama, maziwa na mayai, kwa hiyo migahawa inapika beyaynetu: injera (mkate wao mpana na mwembamba) moja kubwa iliyojaa dengu, mbaazi, mboga za majani na viazisukari. Waislamu wenzangu, siku hizo kuleni beyaynetu popote bila wasiwasi. Siku nyingine tafuteni mgahawa wa Waislamu, kwa sababu kule kila upande unakula nyama iliyochinjwa na wa dini yake, na hakuna anayeudhika ukiuliza. Usiku utaona watu wamesimama kwenye bucha wakikata nyama mbichi ya ng'ombe na kuila kwa pilipili. Ni starehe yao ya miaka na miaka. Mimi nilikaa nao nikanywa kahawa.

Tahadhari za Addis ni mbili tatu. Kijana mchangamfu akikusimamisha barabarani na kukualika kwenye sherehe ya wanafunzi au ya "utamaduni", mshukuru uende zako. Mwisho wake ni nyumba usiyoijua na bili ya kutisha. Beba sweta, mji uko juu ya mita 2,300 na baridi ya usiku si mchezo. Na kabla hujapanda basi lolote la mbali, uliza hali ya barabara siku hiyohiyo. Barabara ya Moyale, mji wa mpakani na Kenya, inapita jimbo la Oromia, na huko jeshi limekuwa likipigana na waasi. Jimbo la Amhara nalo lina vita tangu 2023, kwa hiyo Lalibela na Gondar ningeziacha kwa safari nyingine. Ile barabara ya Moyale niliipita kipindi cha utulivu. Kwa leo ningepanda ndege.

Usiku nilioupenda kuliko wote, hata hivyo, haukuwa Addis. Ni Harar, mji wa Waislamu ulio mashariki. Unapanda ndege au treni mpaka Dire Dawa, halafu basi dogo linapanda mlima. Njiani utapita Awaday, soko kubwa la miraa, wenyewe wanaita chat. Jioni lile soko ni kelele tupu: marobota yanarushwa, magari yanaunguruma kuelekea Djibouti na Somalia, kila mtu anakimbizana na muda. Mtu wa Maua, Meru, kunakolimwa miraa ya Kenya, angeelewa kila kitu bila mkalimani.

Harar ya zamani imezungukwa na ukuta wa karne ya 16. Ndani kuna misikiti 82 na vichochoro vilivyonikumbusha Lamu, ila kuta zake zimepakwa bluu, kijani na waridi. Miongoni mwa teksi za mji kuna Peugeot 404 kuukuu, nyingine zina umri mkubwa kuliko abiria wao. Kuna mtaa wa mafundi cherehani ambao ukileta kitambaa asubuhi, unavaa shati jioni. Angalia chini ya ukuta wa mji: utaona matundu. Ni njia za fisi, wanaoingia usiku kula mabaki ya chakula na kusafisha mji, na watu wanawaacha wapite. Wanaamini fisi anameza majini wabaya.

Baada ya magharibi, nje ya ukuta, mwanamume anakaa chini na kikapu cha nyama, anaanza kuwaita kwa majina. Kwanza unaona macho tu gizani. Kisha wanajitokeza, fisi madoadoa, wazito mabegani, na majike ni makubwa kuliko madume. Analisha kwa kijiti: ukanda wa nyama unaning'inia upande mmoja, upande mwingine ameung'ata kwa meno yake. Akanipa kijiti mimi. Fisi alikuja mpaka nikasikia pumzi yake, joto lenye harufu ya mfupa wa siku nyingi, na nikaona nywele ngumu za shingo yake zikiwa na matope. Akauchukua ukanda kwa ncha ya meno, kwa upole ambao sikuutegemea, akageuka. Mwingine akanipanda mgongoni kwa miguu ya mbele ili afikie nyama iliyoinuliwa juu ya kichwa changu, na uzito wake ulinisukuma mbele.

Mimi nimekua nikiambiwa fisi ni farasi wa wachawi. Bibi yangu alikuwa hataki hata jina lake litajwe baada ya jua kuzama. Watu wa Harar wanamchukulia kama jirani, na siku ya Ashura wanampikia uji wenye siagi; akiula vizuri wanategemea mwaka wa heri. Yule mlishaji aliniambia baba yake ndiye aliyemfundisha majina yao. Mlipeni vizuri, na msiwapige fisi na tochi kali ya simu machoni.

Kwa wiki zako tatu, kaa Addis kama wiki moja, Harar siku nne au tano usiku uzoeane na wewe, na Dire Dawa upite tu. Zilizobaki zipeleke Hawassa kando ya ziwa, kwa ndege kama barabara haijatulia. Usiende wakati wa kwaresima yao ya siku 55 kabla ya Pasaka kama unatafuta ngoma, mji unapoa. Ukiweza kuchagua mwezi, chagua Septemba: mwaka wao mpya unaangukia tarehe 11 au 12, na mwisho wa mwezi kuna Meskel, ambapo Addis nzima inakusanyika kuwasha moto mkubwa uwanjani. Vyumba vya Addis hujaa siku hizo, kwa hiyo weka nafasi Agosti.