Ukihama mkoa usijiandikishe upya: hamisha taarifa zako kwenye Daftari la Kudumu

(Jibu hili liliandikwa mapema mwaka 2025, kabla ya uandikishaji wa Dar es Salaam na uchaguzi wa Oktoba mwaka huo.) Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umehamia Temeke ukitokea Tabora, kwamba kadi yako ya mpiga kura ni ya mwaka 2015, na kwamba kwa kuwa ulijiandikisha mtaani Oktoba 2024, huoni sababu ya kupanga foleni tena uandikishaji utakapofika Dar es Salaam tarehe 17 hadi 23 Machi 2025. Naomba nikujibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu mimi nilihamishwa kikazi kutoka Morogoro kwenda Mwanza na nikalishughulikia jambo hilihili uboreshaji wa Daftari ulipofika kwetu Agosti 2024.

Uandikishaji wa Oktoba ulikuwa wa orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa, chini ya TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Ulikutambua kama mkazi wa mtaa, haukukupa kadi yoyote, na matumizi yake yaliishia kwenye uchaguzi ule. Uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo linatunzwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na humo wewe bado ni mpiga kura wa Tabora. Usipohamisha taarifa zako sasa, itakapofika Oktoba 2025 itakubidi usafiri hadi kituo chako cha zamani au ukose kupiga kura kabisa, maana jina lako halitakuwamo kwenye orodha ya kituo chochote cha Temeke. Nimewasikia watu wengi, wakiwamo wasomi, wakiyachanganya madaftari haya mawili, na ndiyo maana nimeanza na hili.

Kuhusu kadi yako, usiwe na wasiwasi. Tume imekwisha kueleza kwamba kadi za 2015 na zile za 2020 zinaendelea kuwa halali, kwa hiyo aliyebaki palepale alipojiandikishia na ambaye taarifa zake ni sahihi hahitaji kwenda kituoni. Wewe uliyehama unatakiwa kwenda, lakini nakusihi usijitambulishe kama mtu mpya. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai, na kwa kuwa alama zako za vidole zimehifadhiwa tangu 2015, mfumo una uwezo wa kugundua kwamba mtu mmoja ameingia mara mbili. Fika kwenye kituo cha mtaa unaoishi sasa ukiwa na kadi ya zamani, na umwambie mwandishi msaidizi kwamba umekuja kuhamisha taarifa.

Mimi nilijaziwa fomu kwanza, kisha nikapelekwa kwa mwendesha mashine ya BVR (ya kuchukua picha na alama za vidole), aliyezitafuta taarifa zangu za Morogoro hadi zikatokea kwenye skrini. Hapo ndipo ninapotaka uwe makini zaidi. Kabla hajapiga picha na kuchapisha kadi, niliomba anigeuzie skrini nisome mwenyewe, nikaona kwamba jina langu la kati lilikuwa na herufi moja iliyotofautiana na ya kitambulisho changu cha taifa (NIDA). Nilimwonyesha kitambulisho, akarekebisha papo hapo, na kadi mpya ikatoka ikiwa na jina sahihi. Herufi moja si jambo dogo. Katika uchaguzi wa 2020, Tume iliwaruhusu waliopoteza kadi lakini wamo kwenye Daftari kupiga kura kwa kutumia pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa, kwa sharti kwamba majina yafanane na yaliyomo kwenye Daftari. Mtu ambaye majina yake hayalingani hawezi kunufaika na nafuu ya namna hiyo, na wanaoathirika zaidi ni kina mama walioanza kutumia jina la mume baada ya kuandikishwa. Kama mkeo ni mmoja wao, mwende pamoja.

Ipo pia njia ya kuanza kuboresha taarifa kwa simu au kompyuta kupitia mfumo wa Tume, nayo inapunguza muda wa kujaza fomu, ila haikuondolei safari ya kituoni, kwa sababu hatua ya mwisho ni lazima ikamilishwe pale na kadi itolewe pale. Vituo hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni kwa siku zote saba. Tarehe 17 ni Jumatatu. Ukiweza kuomba ruhusa kazini, nenda siku mbili za mwanzo, kwa maana wengi husubiri Jumamosi na Jumapili. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hupewa kipaumbele, kwa hiyo usisite kumpeleka mama mkwe wako ambaye umesema kadi yake imepotea; atapatiwa nyingine.

Mdogo wako mwenye miaka 17 naye asiachwe nyumbani ikiwa atatimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi, kwani sheria inamruhusu kuandikishwa sasa. Na kama mmefiwa na mtu aliyekuwa ameandikishwa, toeni taarifa kituoni ili jina lake liondolewe.

Baadaye daftari la awali litabandikwa vituoni kwa ajili ya ukaguzi. Nenda ukalitazame hata kama kadi mpya unayo mkononi: soma jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na kituo, na ukikuta kosa lieleze kwa maofisa palepale. Kipindi hicho ndicho pia cha kuweka pingamizi ukiona limeandikwa jina la mtu asiye na sifa, na Ofisa Mwandikishaji anawajibika kulisikiliza na kulitolea uamuzi.