Miaka 54 na kompyuta: anza na leja yako mwenyewe

Shikamoo mama. Nimekuelewa: una miaka 54, umetunza stoo ya halmashauri hapo Tanga kwa daftari, sasa kila kitu kinahamia kwenye kompyuta na vijana wanakufanyia badala ya kukuonyesha. Mtumishi wa umma hulazimika kustaafu akiwa na miaka 60, kwa hiyo muda unao.

Nawafundisha watu wazima, na wanaofika mbali ni wanaoleta kazi yao wenyewe. Kila siku hamisha ukurasa mmoja wa leja kwenda Excel, programu ya majedwali: tarehe, bidhaa, kilichoingia, kilichotoka, baki. Ukikosea bonyeza Ctrl na Z, kosa linarudi nyuma. Kabla ya kuinuka, bonyeza Ctrl na S ili kazi ihifadhiwe. Kijana aelekeze kwa mdomo tu, mausi ibaki mkononi mwako. Hapo usilegeze hata kidogo.

Kozi fupi ulizia chuo cha ufundi cha VETA Tanga, na mwombe mwajiri kwa barua agharamie. Herufi zikiendelea kuwa na ukungu hata ukizikuza, nenda kliniki ya macho hospitali ya Bombo.

Nenosiri lako usimpe yeyote, hata anayekusaidia. Mzigo ukipungua, jina litakaloonekana kwenye mfumo ni lako.