Kampuni ya bima imeniita mwongo, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Anti. Naishi Leicester, nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee, mwaka wa sita sasa. 2021 nilikata bima ya kulinda kipato, ile ukiugua ukashindwa kazi wanakulipa kila mwezi, natoa pauni 40 na sijawahi kukosa hata mwezi mmoja. Mwaka jana mgongo ukaharibika kwa kunyanyua wagonjwa, nikapasuliwa, mpaka leo siwezi kusimama nusu saa. Nikajaza fomu, nikasubiri zile wiki 26 za mwanzo ambazo hawalipi, baadae ndo inakuja barua kwamba madai yamekataliwa na bima yenyewe wameifuta tangu siku ya kwanza, eti nilificha kwa makusudi kwamba nina presha. Anti mi sinywi dawa yoyote ya presha! Kilichotokea ni 2020 nesi wa GP, yaani daktari wangu wa mtaani, alinipima akasema iko juu kidogo tutaiangalia, basi ikaishia hapo. Na presha na mgongo wapi na wapi? Ukurasa wa pili wanaongeza kwamba hata hivyo naweza kufanya kazi ya kukaa. Hela zangu hawarudishi. Nadaiwa kodi ya nyumba miezi miwili na nina watoto wawili.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Najua inavyouma kuitwa mwongo na watu uliokuwa unawalipa kila mwezi. Lakini barua hiyo ni madai yao tu, sio hukumu, na kuna maneno mle ambayo wao ndo wanatakiwa wayathibitishe.

Nianze na hapo unapojitetea kwa nguvu zaidi, kwamba presha haihusiani na mgongo. Iseme, lakini usiiegemee, maana sheria haiangalii hapo. Sheria ya Uingereza ya 2012 kuhusu bima za watu binafsi inauliza mambo mengine kabisa: uliulizwa nini, ulijibu nini, ulichukua uangalifu wa kawaida wa mtu mwenye akili timamu, na je wao wangejua ukweli wangefanya nini tofauti. Na hilo neno "makusudi" ni zito, kulithibitisha ni kazi yao sio yako.

Kwahiyo kitu cha kwanza kutafuta ni swali lenyewe, neno kwa neno. Kama fomu iliuliza "umewahi kutibiwa presha?" na wewe hujawahi kupewa hata kidonge, basi uliposema hapana ulisema kweli. Kama iliuliza "umewahi kuambiwa presha yako iko juu?" hapo jibu lako halikuwa sahihi, ila bado kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyesahau maneno ya nesi ya dakika mbili na mtu aliyeficha. Kutibiwa na kuambiwa, mwanangu, kesi yako yote inaweza kugeukia hapo. Na kama fomu ulijaziwa na wakala kwa simu, omba na rekodi ya simu, kuna watu wamekuta wakala aliliuliza swali kwa haraka au hakuuliza kabisa, na hapo malalamiko mengine yanaenda kwa wakala.

Utavipataje? Waandikie kampuni kwamba unaomba taarifa zako zote binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa data: fomu, rekodi za simu, maelezo ya waliopitia madai yako, ripoti za madaktari wao. Ni bure, na kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kukujibu. Omba pia rekodi zako kwa GP uone nesi aliandika nini siku ile, wakati mwingine kilichoandikwa ni kidogo kuliko kampuni inavyokieleza.

Sasa sikiliza hapa, hiki wengi hawaambiwi. Hata ikionekana ulikosea kwa kutokuwa makini tu, hawaruhusiwi moja kwa moja kukutupa na kubaki na hela. Kama wangejua presha wangekutoza pauni 50 badala ya 40, wanatakiwa wakulipe asilimia 80 ya madai, yaani kama ulitakiwa upate pauni 1,000 kwa mwezi utapata 800. Kama wasingekukatia bima kabisa, wanaweza kuifuta lakini warudishe ulichotoa. Kubaki na hela zako wanaweza tu kama wamethibitisha ni makusudi au ulijibu bila kujali ukweli. Waulize kwa maandishi: mngejua, mngenitoza ngapi, na muongozo wenu wa kukatia watu bima mwaka huo ulisemaje?

Hilo la kazi ya kukaa, fungua mkataba utafute tafsiri ya kushindwa kazi. Kama unasema kazi yako mwenyewe, haijalishi kama unaweza kupokea simu ofisini, kazi yako ni kunyanyua watu. Kama unasema kazi yoyote, ni ngumu zaidi, sitakudanganya. Vyovyote vile muombe daktari wa mgongo barua isiyoishia kutaja ugonjwa, aandike usichoweza: kuinama, kunyanyua, kusimama zamu nzima.

Alafu andika malalamiko rasmi, barua au imeili, neno malalamiko liwemo. Wana wiki 8 kukupa jibu la mwisho. Wakikataa tena au wiki 8 zikapita kimya, unaenda Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua malalamiko ya wateja dhidi ya kampuni za fedha na bima, hulipi hata peni, na uamuzi wa mwisho wa ombudsman ukiukubali kampuni inabanwa nao. Ukiukataa mlango wa mahakama bado uko wazi. Ila angalia tarehe! Una miezi 6 tangu tarehe ya barua ya jibu la mwisho, na angalia vizuri, huenda hiyo uliyonayo tayari inajiita jibu la mwisho. Mdogo wangu alikuwa na haki kabisa kwenye kesi yake ya bima, akaiweka barua kabatini kwa sababu ilikuwa inamtia simanzi kuiona, alipopata nguvu ilikuwa imepita miezi nane tangu barua. Hawakumsikiliza. Mpaka leo naumia nikikumbuka, ndo maana nakukazania.

Wanaojitangaza kwamba watakupigania wachukue asilimia, achana nao, Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, watakusaidia kuandika. Na kuhusu kodi, waulize habari ya ESA, malipo ya serikali kwa mtu ambaye ugonjwa unamzuia kufanya kazi, ile inayotokana na michango yako ya National Insurance inayokatwa kwenye mshahara. Hata kama viza yako inakataza misaada ya serikali, hiyo haihesabiwi humo.

SWALI: Anti, bima yangu ya kipato ni ya kazini, mkataba una jina la mwajiri. Wamenikatalia na HR wanasema mi siwezi kulalamika. Kweli?

JIBU: Si kweli. Aliyekatiwa bima na mwajiri naye anaweza kupeleka malalamiko kwa ombudsman, maana bima ni kwa faida yake. HR wakupe kopi ya masharti, alafu soma na mkataba wako wa kazi, kama mwajiri mwenyewe aliahidi kukulipa ukiugua hapo una madai kwake pia. Wakianza kukuletea maneno ya kuachishwa kwa ugonjwa, piga simu ACAS kwanza, shirika la kushauri na kusuluhisha migogoro ya kazini, ni bure, kwa sababu bima nyingi za hivi zinakatika siku ukitoka kazini. Usisaini kitu kabla hujaongea nao.