Kufundisha respiresheni: neno kupumua, chupa ya chai, chokaa na hamira

Mwambie mwanafunzi akuonyeshe respiresheni, na mara nyingi atavuta hewa kwa pua na kupandisha mabega. Hapo ndipo kazi yako inapoanzia, mwalimu mgeni. Kiswahili kimetupa kupumua, na kupumua ni shughuli ya kifua. Mada unayofundisha ni ya seli: kuvunjwa kwa glukosi, sukari ya mwilini, hatua kwa hatua ili nishati yake itumike. Mtoto anasoma na kujibu mtihani kwa Kiingereza lakini anafikiri kwa Kiswahili, kwa hiyo hata akikariri fasili ya kitabu, kichwani mwake picha inabaki ni mapafu.

Usimkataze neno. Mgawie maneno mawili tangu dakika ya kwanza: kupumua ni kuingiza na kutoa hewa, respiresheni ni kazi ya ndani ya seli. Halafu uliza: mzizi wa mgomba una mapafu? Hauna. Unafanya respiresheni? Ndiyo, mchana na usiku, ndiyo maana maharage yaliyosimama kwenye maji siku kadhaa yanageuka manjano. Maji yamejaza nafasi za hewa kwenye udongo na mizizi imekosa oksijeni. Swali hilo moja linaua pia kosa la pili, kwamba mimea hufanya fotosinthesisi mchana na respiresheni usiku tu.

Usiufungue mlinganyo kwanza. Fungua chupa ya chai.

Unahitaji chupa mbili za lita moja zinazofanana na nusu kilo ya maharage au choroko. Choroko huota haraka zaidi. Siku chache kabla, weka mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi uone ngapi zinaota, kwa sababu za sokoni, iwe Mbuyuni ya Moshi au Kilombero ya Arusha, nyingine ni kuukuu na nyingine zimepigwa dawa ya wadudu. Loweka zote saa 24, gawa mara mbili, nusu moja ichemshe dakika kumi na uiache ipoe kabisa. Kisha zote mbili, zilizo hai na zilizochemshwa, ziloweke dakika chache kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita, uzisuuze na kuchuja vizuri. Hatua hii ndiyo walimu huiruka, nayo ndiyo inayoharibu jaribio: mbegu iliyokufa ni chakula cha bakteria, bakteria nao wanafanya respiresheni, na siku ya tatu chupa ya zilizochemshwa inapanda joto na kunuka. Ikitokea, usiifiche. Waulize nani anazalisha joto humo, ilhali mbegu zimekufa.

Jaza robo tatu ya chupa, zamisha ncha ya kipimajoto katikati ya mbegu, ziba kwa pamba. Pamba, si kifuniko chake, maana mbegu zinahitaji oksijeni iingie. Geuza chupa mdomo chini, uishikilie kwa stendi: kabonidioksaidi ni nzito kuliko hewa, itashuka na kutoka kupitia pamba, na joto halitakimbilia mdomoni. Soma asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne, chupa zote zikiwa mahali pamoja, mbali na dirisha. Chupa ya mbegu hai itaizidi nyenzake kwa nyuzi kadhaa. Mtoto aliyesoma mwenyewe kipimajoto hasahau tena kwamba sehemu kubwa ya nishati ya glukosi hupotea kama joto.

Maji ya chokaa usiyasubiri kutoka stoo ya maabara. Chokaa ya kupaka ukuta inatosha: vijiko viwili au vitatu kwa lita ya maji, tikisa, acha yatulie usiku kucha, mimina ya juu yaliyo maangavu kupitia pamba, funga chupa mara moja. Chokaa ni ngumu kuyeyuka, gramu moja na kitu tu kwa lita, kwa hiyo kurundika vijiko kumi hakusaidii. Kinachoshinda wengi ni mfuko uliokaa wazi dukani. Chokaa hiyo imekwisha kunywa kabonidioksaidi ya hewani na kugeuka chaki. Pima kabla ya kipindi: puliza kwa mrija, na kama dakika moja haijageuka ya maziwa, tafuta mfuko mwingine. Na ukipuliza mno, weupe unatoweka tena, maana chaki iliyojitenga imegeuka baikabonati inayoyeyuka. Asiyejua hilo ataambia darasa jaribio limegoma. Wakumbushe wapulize, wasivute. Chokaa inaunguza mdomo, na jichoni ni hatari.

Sasa hamira. Hakikisha ni hamira kweli. Kila mwaka kuna atakayeleta beking pauda, puto litajaa vilevile, na hakuna kiumbe hai ndani yake, ni asidi na soda zimekutana na maji. Ukiwa na muda, fanya zote mbili kwa makusudi na uwaache wabishane.

Chupa ya maji ya nusu lita, robo lita ya maji ya uvuguvugu, kijiko cha chakula cha sukari, kijiko cha chai cha hamira, puto mdomoni. Chupa ya kulinganishia ina kila kitu isipokuwa hamira, kwa sababu hewa ikipata moto nayo hulipandisha puto kidogo. Joto ndilo linalowaangusha walimu. Hamira inapenda nyuzi 35 hadi 40, ikivuka 60 inakufa. Arusha mjini maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, na asubuhi ya Julai ya bomba ni baridi kweli, kwa hiyo kikombe kimoja cha yanayochemka kwa viwili vya baridi, ukisubiri kidogo chupa inywe joto, kinakupa karibu 40. Moshi kuna joto zaidi, weka kimoja kwa vitatu. Kama huna kipimajoto, tonesha kwenye kifundo cha mkono kama mama anayepima maziwa ya mtoto. Kwenye baridi ya Juni na Julai zungushia chupa kitenge, la sivyo kengele italia puto likiwa limelala.

Angalizo la mtaalamu: puto hilo peke yake halithibitishi respiresheni isiyo na oksijeni. Chupa ilikuwa na hewa. Ukitaka kudai hivyo, chemsha kwanza maji ya sukari yatoe hewa, yapooze, tia hamira, mwagia juu tabaka jembamba la mafuta ya kupikia, na gesi uipitishe kwenye maji ya chokaa.

Kwa mfano wa nyumbani, mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haina mpinzani huku kwetu. Ndizi mbivu zinatoa sukari, kimea cha ulezi kinatoa vimeng'enya vya kuvunja wanga, na hamira inageuza sukari kuwa pombe na kabonidioksaidi, ndiyo mapovu yale. Iweke kando ya maziwa mgando. Bakteria wa mgando wanavunja sukari ya maziwa kuwa asidi laktiki na hawatoi gesi ya kutaja. Hapo umewapa tofauti ambayo kwenye mtihani huwachanganya: bila oksijeni, hamira ni pombe na gesi, msuli wako ni asidi laktiki bila gesi. Msuli wauhisi wenyewe: mkono juu ya kichwa, fumba na kufumbua ngumi haraka kwa dakika moja. Lakini usiwaambie maumivu ya kesho yake ni asidi laktiki. Ile huondoka mwilini ndani ya saa chache.

Mlinganyo ukija, C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O, zuia kosa moja mapema. Wengi huamini oksijeni tunayovuta ndiyo inageuka kabonidioksaidi. Hapana. Inapokea elektroni mwishoni kabisa, ndani ya mitokondria, vyumba vya nishati vya seli, na kuwa maji. Kaboni ya kwenye CO2 imetoka kwenye ugali.

ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ieleze kwa konda wa daladala. Glukosi ni noti ya elfu kumi: ina thamani, ila konda hana chenji. Seli inaivunja iwe sarafu. Mfano unavunjika mahali pawili, na uwaonyeshe: kubadilisha noti hakupotezi hela, seli inapoteza nyingi kama joto, na sarafu ikitumika haijijazi tena, ATP hujazwa upya kutoka ADP, yaani ATP iliyokwisha kutumika. Kuhusu hesabu, vitabu vya zamani huandika ATP 36 au 38 kwa glukosi moja, vipya 30 au 32. Tumia ya kitabu chenu, ila waambie kwa nini zinatofautiana: zile za zamani zilikadiria juu mno, bila kuhesabu nishati inayotumika kusafirisha vitu kupita utando wa mitokondria. Bila oksijeni ni 2 tu, na hiyo haibishaniwi.

Mwisho weka mlima Kilimanjaro, maana Moshi kila darasa lina mtoto mwenye mjomba mpagazi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa bado ina oksijeni asilimia 21 kama pwani. Kilichoshuka karibu nusu ni shinikizo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza molekuli chache. Atakayejibu kwamba huko juu oksijeni imekwisha, muulize jiko la wapishi kambi ya Barafu linawakaje.