Usiniambie ni nzuri, nisimulie

Mswada wangu wa kwanza niliupeleka steshenari, nikatoa nakala nne, nikazigawa. Wiki tatu baadaye majibu yakarudi: "Nzuri sana, hongera." "Una kipaji." Mmoja akaongeza, "Mungu akubariki." Nilifurahi siku mbili, kisha nikaona sina hata mstari mmoja wa kurekebisha. Kwetu mtu haoni raha kukwambia usoni kwamba hadithi yako imemchosha, hasa ukiwa umemkaribisha chai wakati unamkabidhi.

Aliyenifumbua macho ni shangazi, tena bila kukusudia. Nilimkuta uani akimsimulia jirani hadithi ile huku wakichambua mchele. Nikajibanza mlangoni. Alianza vizuri, akafika msibani, akaruka moja kwa moja hadi kwenye kesi ya shamba. Sura ya tatu nzima, kurasa 22 nilizozitolea jasho, haikuwamo. Na yule bibi muuza kahawa, niliyemweka ili tu wahusika wapate pa kukaa, sasa ndiye aliyekuwa mwenye hadithi.

Tangu siku hiyo siulizi "umeionaje?" Namwambia msomaji: nisimulie. Halafu nanyamaza, na hapo ndipo penye kazi, maana ulimi unawasha kusema "hapo nilimaanisha..." Ukishamweleza, umemharibu. Naandika alichoruka, alichoongeza, na majina aliyochanganya. (Nilikuwa na Saidi na Saadi katika ukoo mmoja. Sijui nilikuwa nawaza nini.)

Dawa wanazoniandikia sizinywi zote. Kuhusu sura ile ya tatu, mmoja alisema niifute, mwingine niongeze mapenzi, wa tatu alitaka mtu afe. Wote waliumwa mahali pamoja, ila ugonjwa hakuutaja hata mmoja: kwa kurasa 22 mhusika wangu hakuwa akitaka chochote. Nikampa deni la kulipa kabla ya Ijumaa. Sura ikabaki na kurasa 11, na shangazi haikumpita tena.

Yupo msomaji mmoja tu ninayemtii neno kwa neno, yule anayeijua kazi ninayoiandika. Nilikuwa na tukio la wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria, mbalamwezi imewaka, ndugu wawili mtumbwini, mmoja anamwona mwenzake akilia. Wasomaji watatu waliusifu ule mwezi. Mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alicheka mpaka akafuta macho. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu wanafuata mwanga wa karabai; mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu.

"Hao wako," akaniuliza, "wameenda kuvua au kutembea?"

Nikauzima mwezi. Karabai nikaielekeza majini, nyuso zikabaki gizani, kwa hiyo kaka mtu haoni tena chozi lolote. Anasikia tu mdogo wake akivuta kamasi upande wa pili wa mtumbwi, na anajifanya anahesabu ndoo.